Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama wa chama chetu cha wavuvi wa mshipi,

Kwa niaba ya kamati ya utendaji nawakaribisha nyote, hasa mliofika kwa wakati.

Shughuli za kawaida mnazijua. Mashindano ya mshipi yalifanyika, jarida lilitoka mara nne, semina ya kuweka samaki alama ilifanyika. Wanachama waliomo daftarini ni 214, waliolipa ada 91, waliohudhuria semina 17 wakiwemo wajumbe 6 wa kamati, na barua za malalamiko kuhusu jarida 38. Tukilalamika, akidi hutimia bila shida.

Barua hizo ndizo zinazonileta kwenye jambo lenyewe. Mwanzoni mwa mwaka kamati iliamua kwamba kurasa nne za mbele za jarida, zilizokuwa za picha za samaki wakubwa, apewe mwenzetu ambaye ni mtafiti wa samaki, mvuvi wa mshipi na mwandishi. Wazo lilikuwa langu. Wapo waliolipigia makofi siku ile na leo wanasema hawakuwepo. Muhtasari wa kikao unaonyesha walikuwepo.

Makala yake ya kwanza ilieleza jinsi umri wa samaki unavyosomwa kwenye vijiwe vya sikio, ambavyo huongeza pete kadiri miaka inavyopita. Hakuna aliyenuna. Ya pili ilishauri jike mkubwa arudishwe majini, kwa kuwa katika aina nyingi za samaki jike mmoja mkubwa hutaga mayai mengi kuliko majike wadogo kadhaa wenye jumla ya uzito uleule. Hapo moto ukawaka. Nimeambiwa nimempa kalamu mtu atakayetufungia maji tusivue.

Ndugu zangu, tusome historia kabla ya kuandika barua. J.L.B. Smith alikuwa mwalimu wa kemia huko Grahamstown, Afrika Kusini, na samaki alianza kuwajua kwa mshipi. Ndiye aliyempa silakanti jina la kisayansi mwaka 1939, samaki aliyedhaniwa kutoweka mamilioni ya miaka iliyopita. Alipomtaka wa pili hakungoja wataalamu wenzake. Alichapisha kikaratasi chenye picha ya samaki huyo na ahadi ya pauni 100, kwa Kiingereza, Kifaransa na Kireno, kikasambazwa kwa wavuvi wa pwani ya Afrika Mashariki. Desemba 1952 mvuvi wa Komoro akamtoa kwa mshipi. Je, angepatikana kwa makala ya maabara?

Mwingine ni Robert Behnke wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado, Marekani, mtafiti wa samaki aliyeandika kwa miaka mingi safu ya trauti, samaki wa mito na maziwa yenye maji ya baridi, katika jarida la wavuvi. Trauti wakubwa wa Ziwa Pyramid, Nevada, walikuwa wametoweka ilipofika miaka ya 1940, baada ya maji ya Mto Truckee kuchepushwa na samaki kukosa njia ya kupanda kwenda kutaga. Katika kijito cha mlima Pilot Peak, mpakani mwa Utah na Nevada, Behnke alitambua samaki wadogo wa ukoo uleule. Uzao wao ulianza kurudishwa ziwani mwaka 2006, na wavuvi wameshavua humo trauti wa zaidi ya kilo 9. Nani alifungiwa maji hapo?

Niseme pia kwamba kati ya barua 38, 29 zimetoka kwa wasiolipa ada. Katiba yetu inasema asiyelipa hapigi kura. Haisemi haandiki barua, na pengine waasisi walipitiwa. Uchapishaji wa jarida unalipwa na wale 91, na miongoni mwao wapo waliolipa nusu.

Kurasa nne zitabaki kwa mwenzetu. Picha zitahamia ukurasa wa mwisho, samaki wanaoachiwa wakitangulia.

Kwa mwaka ujao tunatarajia, hali ikiruhusu, kuongeza alama za kuvalisha samaki, kuvuta vijana wanaojua kuandika, na huenda siku moja tukakusanya makala hizi zikawa kitabu. Mweka hazina ameketi karibu na mlango, na daftari la risiti analo.

Naomba taarifa hii ipokelewe na kujadiliwa. Nawasilisha.