Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Walimu Wanachama, Moshi

Ndugu walimu wenzangu, shikamooni wakubwa zangu, na wengine habari za kazi.

Mengi ya mwaka huu mnayajua, kwa hiyo nitayapita haraka. Vikao sita vimefanyika kama ratiba ilivyosema. Tulielekezana kupakua vitabu vya kiada kutoka Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania na kuvihifadhi kwenye kadi ya memori, ili mtu asikwame darasani kwa kuishiwa bando. Walimu wa darasa la kwanza na la pili walituonyesha namna ya kumrekodi mtoto kwa simu akisoma, kisha akajisikiliza mwenyewe; kwa KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, sijaona mbinu rahisi kuliko hiyo. Vile vishikwambi vilivyokuja shuleni baada ya Sensa ya 2022 vimefufuliwa, angalau ambavyo watoto wetu nyumbani hawajavijaza gemu. Misiba miwili tulifika. Yatosha.

Sasa projekta, ile niliyoinunua bila kusubiri mkutano na baadhi yenu mkanilaumu.

Katiba yetu inasema matumizi yanayozidi shilingi 200,000 yapitishwe na mkutano. Sikatai. Kipengele hicho nilikipendekeza mimi mwenyewe. Lakini muuzaji alitupa siku mbili, na mkutano ulikuwa wiki tano mbele. Niliuliza kwenye kundi la WhatsApp: walimu 14 waliweka kidole gumba, watatu walikataa, waliobaki walisoma wakanyamaza. Nikahesabu kimya chao kuwa ni ridhaa. Kama hapo nilikosea, mtanisamehe, ila aliyesoma ujumbe saa mbili usiku asije mwezi wa tisa kuniambia hakushirikishwa.

Wapo wanaosema kwa kununua projekta nimekula safari yao ya kwenda chemchemi ya Chemka. Safari ilikuwa na mchango wake wa 15,000, na hadi mwisho wa Mei walikuwa wametoa wanane tu. Watu wanane hawakodi Coaster. Sita wamerudishiwa, wawili tumewahamishia kwenye ada kwa ridhaa yao, ingawa mmoja siku hizi anasema hakuridhia.

Hoja yenye uzito ilitoka kwa mzee wetu mmoja, kwamba bora tungenunua vishikwambi vya watoto, akatutajia Tanga. Ni kweli, katika shindano la Global Learning XPRIZE watoto karibu 3,000 wa vijiji 170 vya mkoa ule, ambao wengi hawakuwahi kuingia darasani, walipewa vishikwambi wakajifunza kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili. Mwaka 2019 washindi wawili, onebillion na Kitkit School, waligawana zawadi ya dola milioni 10. Lakini kule kila mtoto alikuwa na chake. Sisi pesa ile ingetupatia vitatu, tena vya mtumba, kwa darasa la watoto 90. Hapo anayejifunza ni mwenye viwiko vikali.

Naomba asiyeiona projekta ikifanya kazi amuulize aliyekuwepo darasa la nne upande wa Pasua. Madirisha hayana pazia, mwalimu akatundika kanga zake mbili, ukuta ukapata giza la kutosha. Tukaonyesha picha za barafu ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro. Watoto hawa mlima wanauona kila asubuhi, na mita 5,895 wanaziimba kama shairi, lakini barafu yenyewe hawajawahi kuiona kwa karibu. Msichana mmoja wa dawati la mbele alinyanyuka, akaweka kiganja ukutani, akasema, "Mbona haina baridi?" Kipindi kizima kikawa ni swali hilo: barafu inakaaje juu kule na sisi huku chini tunatoka jasho? Kwa hilo peke yake nisingeirudisha projekta dukani.

Kuhusu uvumi kwamba ilionekana kwangu ikionyesha mechi ya Simba na Yanga. Nilikuwa naijaribu taa. Majirani walikuja wenyewe. Na inakaa kwangu kwa sababu ofisi tuliyoahidiwa inavuja, si kwa sababu nyingine yoyote. Aliyeiharibu taa ya kwanza simtaji, ila nirudie kwa faida ya wote: ukishaizima, acha feni izunguke hadi taa ipoe ndipo uchomoe waya. Kukatika ghafla kwa umeme kunatutesa vya kutosha, tusikusaidie.

Fedha. Tuliingia mwaka na 385,000. Wanachama ni 47, ada ni 2,000 kwa mwezi, hivyo tulitarajia 1,128,000, tumepata 612,000. Waliokamilisha ni 19, waliolipa kidogokidogo 17, na 11 hawajatoa hata senti, wakiwemo wawili wa wale watatu walioipinga projekta. Projekta 520,000, spika 65,000, waya wa kuongezea 18,000, kadi za memori 96,000, chai ya vikao 143,000, rambirambi 100,000. Zimebaki 55,000. Taa ile muuzaji alitubadilishia bure baada ya mimi kwenda mara tatu kwa nauli yangu, ambayo sijaidai.

Mahudhurio yananiuma kuliko ada. Kikao cha kwanza tulikuwa 38. Cha Septemba tulikuwa tisa, na maandazi yalikuwa ya watu arobaini. Mhazini aliyabeba kwenye ndoo hadi kwa walinzi, mimi nikabaki nakunja viti. Mvua haikuwepo, mitihani haikuwepo. Mwalimu wa Kiboriloni alitembea kwa miguu akafika, wa hapo Majengo akatuma sauti ya sekunde nane kwamba yuko njiani. Nadhani bado yuko njiani.

Mwakani, Mungu akijalia, tutaangalia uwezekano wa kupata projekta ya pili, kuonana na maafisa elimu kata, na pengine mfadhili. Chemka nayo haijafutwa, ikipata watu.

Daftari la fedha liko kwa mhazini, wazi kwa yeyote. Uchaguzi ni Februari na mwenye kuutaka uenyekiti achukue fomu. Anayehitaji projekta wiki ya kwanza ya shule aniambie mapema, aje na begi lake, maana lile la kwanza limekatika mkanda.