Risala ya Jumuiya ya Wanafunzi Waislamu kwa Mgeni Rasmi, Mahafali ya Wahitimu, Moshi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mlezi wa Jumuiya yetu,
Wawakilishi wa uongozi wa chuo,
Masheikh na maustadh mliotoka misikiti ya mjini,
Wazazi wetu, wahitimu wetu, mabibi na mabwana,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetujaalia uzima na kutukutanisha leo. Pili, tunakushukuru wewe, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa kuukubali mwaliko wetu bila kutuzungusha. Tunajua Jumamosi ni siku yenye shughuli nyingi kwa mtu wa nafasi yako, nawe umeziacha ukaja kukaa nasi chini ya turubai la kukodi. Karibu sana. Habari ya turubai hili tutairudia.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Jumuiya yetu ilianza na wanafunzi 7 waliokuwa wakiswali adhuhuri chini ya mjakaranda ulio nyuma ya maktaba. Leo tuna wanachama 186. Wamo waliotoka Pemba, Tanga, Kondoa, Ujiji na Lindi, na wamo wa hapa jirani, Mwanga. Kwa wengi wetu chuo ndiyo mara ya kwanza kuishi mahali ambapo huamshwi na adhana wala na bibi anayegonga mlango.

Katika kipindi hiki Jumuiya imepata mafanikio makubwa. Tumenunua mikeka 12 mipya na kipaza sauti. Darsa ya kila Alhamisi baada ya magharibi haijakatika muhula mzima, hata wiki za majaribio. Tumetembelea wagonjwa hospitalini tukiwa na sabuni na matunda, tumechangia damu, na kijana wetu wa mwaka wa pili ameshika nafasi ya tatu katika mashindano ya kuhifadhi Qur'ani. Wahitimu 41 tunaowaaga leo wanaondoka na vyeti vya chuo, na kila mmoja wao amesomeshwa namna ya kumwosha na kumkafini maiti. Tunalitaja hili kwa fahari, maana wapo watakaopangiwa kazi vijijini ambako hakuna mwingine wa kulifanya.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, baada ya hayo tunaomba utusikilize katika jambo moja.

Hatuna mahali pa kuswali.

Ibara ya 19 ya Katiba ya nchi yetu ya mwaka 1977 inampa kila mtu uhuru wa imani na wa kuabudu, na hapa chuoni hakuna aliyewahi kutuzuia. Uongozi ulitupa kiwanja kwa barua, nasi tunaushukuru mbele yako. Ruhusa tunayo. Tunachokosa ni paa na maji.

Kwa sasa tunaswali katika chumba cha mhadhara kikiwa wazi. Kikiwa kimefungwa, tunamtafuta mwenye funguo. Mwenye funguo akiwa ameenda kula, tunarudi chini ya mjakaranda. Tunajua Mtume wetu, rehema na amani zimfikie, ametufundisha kwamba ardhi yote imefanywa kuwa msikiti, na mafundisho hayo ndiyo yaliyotufikisha hapa tulipo. Lakini masika ya Moshi unayajua. Kuanzia Machi hadi Mei tumesujudu kwenye tope, na Julai, wakati wa mitihani, baridi inayoshuka kutoka mlimani imewapeleka wenzetu zahanati.

Udhu ni mtihani mwingine. Unatakiwa kuosha mikono hadi viwikoni, uso, kupaka maji kichwani, kuosha miguu hadi kwenye vifundo. Tunafanya hivyo katika sinki za vyoo vya madarasa. Wahudumu wa usafi wanalalamika kwamba tunamwaga maji sakafuni, na wana haki, kwa kuwa kazi ya kukausha ni yao. Kwa dada zetu ni vigumu zaidi. Dada anatakiwa avue hijabu na kukunja mikono ya nguo mahali ambapo mlango unafunguliwa na kila anayepita. Wengi wao hutawadha hosteli saa 1 asubuhi, halafu wanajibana na udhu huo mpaka adhuhuri, bila kunywa maji ya kutosha siku nzima. Amiri wa akina dada alitusihi tuliandike hili jinsi lilivyo, nasi tumeliandika.

Ramadhani hurudi nyuma kwa siku 10 au 11 kila mwaka, na sasa imeangukia katikati ya masomo. Kafeteria hufunguliwa saa 12 asubuhi, wakati daku imekwisha kitambo, na kupika vyumbani ni marufuku. Mimi ninayekusomea risala hii, mwaka wangu wa kwanza nilikula daku ya mkate na chai iliyolala kwenye chupa, mama akiwa kwenye simu kutoka Pangani akiniuliza kama nimekula kitu cha moto. Nilimjibu nimekula. Magharibi inapoingia, karibu saa 1 kasoro, wengi tupo darasani. Tunafungua kwa tende mbili zilizofichwa mfukoni, kisha swala inasubiri mhadhiri amalize. Tungekuwa na mahali petu, futari ingepikwa pamoja, na mwanafunzi ambaye bumu, yaani pesa ya kujikimu ya mkopo, limechelewa asingelala na maji matupu.

Ijumaa, wavulana tunakwenda mjini. Kipindi kikiisha saa 6:45 mchana, tunapanda bodaboda watatu watatu ili tuiwahi khutba. Kipindi kingine kinaanza saa 8:00. Nauli ya kwenda na kurudi ni mlo mzima wa mwanafunzi. Suratul Jumu'a inatuambia tukiitwa kwa swala siku ya Ijumaa tuache biashara. Biashara hatuna, tuna saini za mahudhurio, na mwenzetu mmoja alizuiwa kufanya mtihani kwa sababu ya saini hizo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, yote haya tunayavumilia. Lisilovumilika ni kwamba wapo wenzetu walioacha swala. Hawakukanusha chochote, wala hawakupotoshwa na mtu. Walichoka kuomba funguo. Kijana anaikosa adhuhuri leo, kesho adhuhuri na alasiri, na muhula unapokwisha anaona haya kurudi safuni. Tunawajua kwa majina, tunakula nao meza moja. Mzazi aliyemwachia mwanawe stendi akiwa na msala kwenye begi hajui kwamba msala huo haujakunjuliwa tangu Novemba.

Tungekuwa tunakosea kama tusingewataja ndugu zetu Wakristo wa chuo hiki. Wamisionari wa Kilutheri walifika Machame mwaka 1893, makanisa yapo karibu kila upande wa mji huu, na wangeweza kutuona wageni. Badala yake, masika yaliyopita walituachia chumba chao cha mazoezi ya kwaya kila magharibi kwa wiki sita, wao wakaimba kibarazani. Mwenyekiti wao yupo hapa leo. Tunamwomba asimame tumshukuru.

Sasa, turubai. Tumeketi hapa kwa sababu jengo unaloliona nyuma yako halina paa. Msingi na kuta hadi kwenye lenta tumevijenga sisi, kwa shilingi 2,000 za kila mwanachama kila mwezi, na kwa wanafunzi kubeba tofali wenyewe siku za Jumapili. Hapo ndipo tulipokwama, na nondo zilizochomoza juu zimeshika kutu.

Kwa heshima kubwa, tunaomba turuhusiwe kusema kilichotufikisha hapo. Miaka miwili iliyopita, mgeni rasmi wa mahafali haya alisimama ulipoketi akaahidi bati zote. Tulipiga takbira. Mwaka uliopita mgeni mwingine aliahidi mbao na fundi, akatuambia tusihangaike tena. Kwa maneno hayo tulisimamisha michango yetu kwa muhula mzima, na hilo ni kosa letu. Katibu wetu alikwenda ofisini kwa mmoja wao mara nne. Mara ya nne aliambiwa aandike barua upya, kwa kuwa ya kwanza haionekani. Hatuwataji, na tunawaombea kheri. Ila wahitimu 41 wanaoondoka leo walisikia ahadi zote mbili, na wanaondoka bila kuswali rakaa moja chini ya paa hilo.

Hivyo, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, hatukuombi ahadi. Makadirio ya fundi yanasema tunahitaji bati 84 za geji 28, mbao za kenchi, na tanki la maji la lita 5,000 lenye mabomba 10, matano upande wa wanawake yakiwa na ukuta wa kuwasitiri. Ukiweza vyote, tutashukuru. Ukiweza bati 20 tu, tutashukuru vilevile, na tutaezeka upande wa akina dada kwanza. Ikiwa huna nafasi mwaka huu, tuambie leo, hatutakasirika. Tutarudi kwenye 2,000 zetu Jumatatu.

Mwenyekiti atakukabidhi nakala ya risala hii, makadirio ya fundi, na nakala ya barua ya kiwanja. Mwisho wa makadirio kuna mstari wa tarehe ambao tumeuacha wazi. Tunaomba uujaze kwa mkono wako kabla chakula hakijaandaliwa.

Tunaomba kuwasilisha.

Wabillahi tawfiq.