Mtazamaji anapopanda jukwaani

Mhariri,

Naomba nafasi niwasihi walimu wetu walete shuleni michezo ya kuigiza inayowashirikisha watazamaji, mtindo ulioasisiwa na Augusto Boal wa Brazili miaka ya 1970. Niliutazama mmoja hapa Temeke. Baba anataka kumwozesha bintiye wa kidato cha tatu kwa tamaa ya mahari. Kiongozi akausimamisha, akauliza nani angefanya tofauti.

Tulipiga kelele: akatae! Msichana mmoja akapanda, akakataa, "baba" akamfukuza nyumbani. Ukumbi kimya. Ndipo mama mmoja akaingia kama shangazi, akamketisha baba, wakazungumza taratibu mpaka akalegea. Pale nilielewa kwamba kumwambia mtoto awe jasiri hakutoshi kama hana mtu mzima wa kumsimamia. Na waliokuwa wakicheka nyuma ni sisi wavulana, jambo lililoniumiza sana.

Mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ilithibitisha kwamba vifungu vinavyoruhusu binti kuolewa chini ya miaka 18 vinakiuka Katiba. Wazazi wengi mtaani kwetu hawana habari. Walimu, waalikeni nao waje watazame.

Mwanafunzi wa kidato cha tano,
Temeke, Dar es Salaam