Jumamosi tunaanza kukagua vituo vya maji kwa simu

Habari za jioni ndugu zangu, shikamooni wazee wetu.

Mafunzo yetu yamesogezwa mbele kwa saa moja. Tukutane Jumamosi saa 4 asubuhi, Ngaramtoni, pale ofisi ya kijiji. Kila mmoja achangie sh. 3,000 za bando na chai, zimfikie mweka hazina kabla ya Ijumaa saa 12 jioni.

Njoo na:
1. Simu janja yenye chaji, GPS ikiwa imewashwa
2. Ndoo ya lita 20 (wawili wawili watumie moja)

Kazi yenyewe: ukifika kwenye kituo unapiga picha, unahesabu sekunde hadi ndoo ijae, unajaza fomu na kutuma. Pasipo na mtandao, fomu inabaki kwenye simu hadi upate. Kituo kilichokauka nacho kijazwe, tafadhali msikiruke! Hicho ndicho fundi anachotakiwa kukijua mapema, kina mama wasije kuamka alfajiri wakakuta bomba kavu.

Jambo moja naomba tulielewe vizuri. Picha haionyeshi floraidi, yale madini ya kwenye maji yanayoharibu meno yakizidi. Maji ya huku kwetu chini ya Meru yanaweza kung'aa kabisa na bado yakazidi miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha juu cha Shirika la Afya Duniani (WHO), na meno ya watoto wetu tunayaona. Kwa hiyo sampuli tutachukua pia, chupa ninazo.

Naomba kila mtu aandike NIPO au SIPO hapa kabla ya Alhamisi usiku, pamoja na jina la kitongoji chake, niwapange. Mama zangu wa Olmotonyi, nawasubiri.