Shangazi, kabla hamjauza mali kwa ajili ya mionzi

Shangazi, shikamoo.

Umeniuliza kati ya SBRT (mionzi ya nje inayolengwa kwa usahihi kwenye uvimbe), protoni (nayo mionzi ya nje, ila ya chembe) na zile chembe za itriamu zinazotoa mionzi ndani ya ini, ipi imfae mgonjwa wetu wa saratani ya ini. Mimi ningeanza na ini lenyewe: sehemu isiyo na saratani ina nguvu kiasi gani? Saratani hii mara nyingi huota kwenye ini lililokwisha kakamaa kwa sirosisi, na ini la namna hiyo halistahimili mionzi mingi. Muulize daktari mgonjwa yuko daraja gani la Child-Pugh, kipimo cha nguvu ya ini: A ni ini lenye nguvu, C ni lililodhoofika sana. Akiwa C, mionzi mikali inaweza kummaliza kabla ya saratani yenyewe.

Akiwa A, ningeanza kuulizia SBRT. Dozi ni kubwa, vipindi ni vichache, kwa kawaida 3 hadi 6. Shida ni pumzi: ini hupanda na kushuka kila anapovuta hewa, sentimita nzima au zaidi. Ndiyo maana wengine hufungwa mkanda wa kubana tumbo, wengine huambiwa wazuie pumzi mashine inapopiga. Waulizeni hapo hospitali, pumzi mnaidhibitije? Wakibabaika, tafuteni pengine. Katika jaribio la RTOG 1112, nusu ya waliopata SBRT kisha sorafenib, dawa ya vidonge ya saratani hii, waliishi zaidi ya miezi 15.8, kwa waliopewa sorafenib peke yake ilikuwa 12.3. Na wengi wao saratani ilikuwa imeshaingia kwenye mishipa ya damu.

Protoni husimama ndani ya uvimbe, hazipiti hadi upande wa pili. Uvimbe ukiwa mkubwa, hiyo ni faida ya kweli. Ukiwa mdogo, sioni sababu ya kuuza mali.

Itriamu hupitishwa kwa mpira mwembamba hadi kwenye ateri ya ini, kwa kuwa uvimbe hunywa zaidi damu ya ateri. Kwanza hupimwa kama chembe zitavuja kwenda mapafuni. Jaribio la SARAH, Ufaransa, halikuonyesha kwamba zinarefusha maisha kuliko sorafenib, ingawa madhara yalikuwa machache.

Na ikiwa kinachomtesa sasa ni maumivu tu, kuna mionzi ya siku moja, grei 8 (grei ni kipimo cha dozi ya mionzi), kwa mashine ya kawaida. Huko Kanada, theluthi mbili ya walioipata maumivu yalipungua ndani ya mwezi. Kwa waliopewa huduma ya kawaida pekee, ni kama mmoja kati ya watano. Daktari asipoitaja, itajeni ninyi.