Muulizeni hesabu, si ushungi

Mhariri,

Binti yangu ana stashahada ya uhasibu. Mwezi wa Ramadhani aliitwa kwenye usaili katika ofisi moja hapa Dodoma. Swali la kwanza: “Hijabu hiyo utaivua ukianza kazi?” Jioni hata futari hakuigusa. Iliniuma sana.

Katiba yetu ya mwaka 1977, Ibara ya 13, inakataza kumbagua mtu kwa dini yake. Na tangu Machi 2021 nchi inaongozwa na mwanamke anayevaa ushungi. Ikulu yenyewe iko hapo Chamwino!

Wapo pia wanaomhurumia wakidhani nimemlazimisha. Wamuulize mwenyewe. Alianza kujistiri kwa hiari yake akiwa kidato cha pili, mimi nikishangaa. Waajiri, mpeni vitabu vya hesabu avifunge, ndipo mumpime.

Mama mzazi,
Chang’ombe, Dodoma