Wasiukate mvule wa makaburini

Moshi, Jumapili jioni

Dada yangu Mwanakombo,

Salamu nyingi kutoka huku mlimani. Sisi hatujambo. Mama ameanza tena kutembea kwa fimbo, anashuka mwenyewe mpaka mgombani, na kila siku anakuulizia wewe na Bi Mkubwa. Baridi ya Juni imeingia kweli, ukungu hautoki mpaka saa nne.

Barua yako niliipata Alhamisi. Niliposoma kwamba kaka zako wameshamleta fundi wa msumeno kuupima ule mvule wa makaburini, niliweka karatasi chini nikatoka nje kidogo. Naujua ugumu mlio nao, karo za watoto na paa la nyumba kubwa, na najua mbao za mvule zina bei. Lakini siwezi kukuandikia mambo mengine nikaliruka hili.

Unaikumbuka ile Desemba niliyokuja huko kwenu Pemba? Ulinitandikia mkeka karibu na uzio wa makaburi, embe zimejaa kila mahali, ukaniambia nisiongee kwa sauti. Nilidhani majani makavu yanatikisika juu kumbe ni popo, mamia, wamening'inia wakijipepea kwa mabawa. Mmoja alikuwa karibu kabisa, uso wa rangi ya kahawia kama wa mbwa mdogo, na alipofungua bawa nikamwona mtoto amemshika kifuani. Chini palikuwa na vidonge vya makapi ya embe, vikavu, vimeminywa vizuri. Ukanieleza kwamba popo hutafuna tunda, akanyonya maji yake, kisha akatema makapi. Kabla ya Magharibi wakaanza kuondoka mmoja mmoja, halafu wote pamoja, na Bi Mkubwa akasema, "Hao wanakwenda kazini."

Neno hilo sikulisahau. Hapa Moshi, ndani ya msitu wa Rau, kuna mvule mkubwa ambao wageni hupelekwa kuuona. Nilipokwenda na wanafunzi wangu, mwongozaji alituambia kwamba tunda la mvule huliwa na popo usiku, naye huibeba mbegu akaiangusha mbali na mti mama. Nikakumbuka Bi Mkubwa alivyoniambia kuwa mvule wenu hakuna aliyeupanda, babu aliukuta. Basi dada, waambie kaka zako hivyo hivyo: mbao wanazotaka kuuza zilipandwa na popo.

Na popo huyo ni wenu. Huku bara tuna popo wa aina nyingi, ila huyo mkubwa, ambaye mabawa yake yakinyooshwa yanapita mita moja na nusu, hayupo popote duniani isipokuwa Pemba. Wewe ndiye uliyenisimulia jinsi watu walivyokuwa wakimpiga bunduki kwa ajili ya kitoweo, mpaka mwishoni mwa miaka ya 1980 wakawa wamebaki wachache mno. Kisha vijiji vikaunda vikundi vya kumlinda, na hesabu za miaka ya 2000 zikapita 20,000. Hebu fikiri, mnyama aliyekuwa anakwisha amerudi kwa sababu watu wa kawaida walikubaliana kumwacha alale! Ila jike huzaa mtoto mmoja tu kwa mwaka. Mti wa kulala ukiondoka, hawajui waende wapi, maana misitu mikubwa kama Ngezi imebaki michache, kwingine kwingi ni mikarafuu na mihogo.

Nakuambia kwa uchungu kwa sababu kwetu tulikosea. Baba mdogo aliangusha miringaringa na mikuyu yote iliyokuwa kwenye kingo za korongo juu ya kihamba chetu, yaani shamba letu la nyumbani. Alihitaji fedha, hakuna aliyemzuia, hata mimi nilinyamaza. Masika yaliyofuata kingo zikaporomoka, mfereji uliochimbwa na wazee ukajaa udongo, na tulizibua kwa majembe wiki mbili. Hela ya mbao ilikuwa imeshaisha. Leo pale pamebaki gema jekundu, na ndege waliokuwa wakituamsha sijawasikia tena.

Wazee wetu walikuwa na akili ya kutenga. Ule ukanda wa nusu maili kati ya vihamba na msitu wa Mlima Kilimanjaro ulitengwa mwaka 1941, watu wapate kuni na mbao bila kuuingilia msitu wenyewe, na Wachagga waliusimamia kupitia baraza lao. Usimamizi ulipotoka mikononi mwao, ukanda ukaliwa vibaya. Kwa hiyo sikushauri ukimbilie kwanza kwa mtu wa mbali. Anza na masheha na wazee wa hapo hapo, na imamu pia. Mlikwisha kufanya hivyo kwenye kisiwa cha Misali, wavuvi walipokumbushwa msikitini kwamba bahari ni amana. Huko watu waliitunza sehemu ambayo hadithi inasema Nabii Khidhri aliifanya msala wa kuswalia. Na makaburi ya babu zenu nayo si mahali pa msumeno.

Halafu nendeni Kidike, wewe na kaka yako mkubwa, mkae na wale wanaowatunza popo. Mgeni analipa kiingilio pale, kijiji kinapata kitu, na miti imesimama. Sikuahidi kwamba fedha hiyo itaezeka paa mwaka huu. Kwa paa, mimi na mume wangu tumezungumza, tutachangia mabati kumi baada ya kuuza kahawa. Usiseme hapana, nyumba ile ilinilaza wiki tatu.

Nijibu upesi, kabla fundi hajarudi. Na Desemba nakuja na Elinami, ana miaka tisa sasa, nimeshamwambia atakaa kimya kwenye mkeka.

Wako,
Aikande